Roboti wa Wodini na Adabu za Korido

Kazi ya kusafirisha vitu ndani ya hospitali, yaani kutoa dawa famasia na kuzifikisha wodini, kupeleka sampuli za damu maabara, kugawa chakula na kuondoa mashuka machafu, haihesabiwi kuwa tiba, na kwa hiyo ni nadra kutajwa katika mijadala ya afya, ingawa kila safari anayokwenda muuguzi kufuata dripu stoo inamwondoa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kazi hiyo isiyo na sifa ndiyo ambayo wahandisi wamekuwa wakijaribu kuikabidhi kwa roboti kwa zaidi ya miaka 35, na majaribio yao yameonyesha kwamba kuiwezesha mashine kutembea peke yake ni nusu tu ya shughuli, kwa kuwa nusu ngumu zaidi ni kuifanya ivumilike mbele ya watu wenye haraka, maumivu au majonzi.

Mwanzilishi wa jitihada hizo alikuwa mhandisi Mmarekani Joseph Engelberger, ambaye roboti yake ya kwanza, Unimate, iliingia katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961, ikifanya kazi mahali ambapo hakuna mtu aliyetarajiwa kupita. Miaka ya 1980 Engelberger aliugeukia upande wa pili kabisa wa maisha ya watu, akatengeneza HelpMate, kabati lenye magurudumu lililoanza kuhudumu katika hospitali ya Danbury, Connecticut, mwaka 1988. Baadaye ikaja TUG ya kampuni ya Aethon, ambayo hospitali ya Chuo Kikuu cha California katika eneo la Mission Bay, San Francisco, ilipofunguliwa mwaka 2015 ilikuwa nazo 25.

Mashine ya namna hii hujua mahali ilipo kwa njia mbili zinazosaidiana. Hubeba ramani ya jengo na kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake ili kukadiria umbali iliokwenda, lakini kwa kuwa magurudumu huteleza, makosa madogo hujumlika hadi kuwa makubwa. Ndipo hutumia leza, ambayo ni mwanga mwembamba unaorushwa ukutani na kurudi, ili ilinganishe umbo la korido inaloliona na lile lililomo katika ramani. Udhaifu wake hujitokeza katika mambo ambayo binadamu hayafikirii hata kidogo: mlango wa kioo hupitisha mwanga ukaonekana kana kwamba haupo, na leza iliyofungwa karibu na sakafu huiona miguu ya meza ya mgonjwa bila kuuona ubao wake uliochomoza juu, ndiyo maana wabunifu huongeza kamera na vihisi, yaani vifaa vinavyoipa mashine habari za mazingira yake, katika vimo mbalimbali.

Usalama, hata hivyo, haujawa adabu. Roboti inayosimama ghafla katikati ya korido kila inapomwona mtu imetii kanuni ya kutomgonga yeyote, lakini machela ikija mbio kutoka chumba cha dharura, utii huo unageuka kizuizi, hivyo roboti iliyobuniwa vizuri husogea ukutani kabla ya kusimama, huonyesha kwa taa upande inaokusudia kugeukia, na huwaacha watu watangulie kuingia katika lifti. Mambo hayo hayapendezi katika picha za matangazo, na labda ndiyo sababu hupewa nafasi ndogo kuliko macho na tabasamu.

Ushahidi wenye uzito zaidi juu ya suala hili ni utafiti wa Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulifuatilia roboti ya kupeleka vitu katika hospitali moja ya Marekani na kugundua kwamba mashine ileile ilipokewa kwa namna mbili zinazopingana. Katika wodi ya wazazi waliokwisha kujifungua, wauguzi waliichukulia karibu kama mwenzao, ilhali katika wodi za wagonjwa wa kawaida, wakiwamo wa saratani, ilionekana kuwa usumbufu. Roboti haikubadilika, kilichotofautiana ni kazi yenyewe, nafasi iliyopo koridoni na hali ya nyoyo za watu. Roboti inayotangaza kwa sauti kwamba imefika humtaka muuguzi aache alichokishika ili aje kupakua mzigo, na pale ambapo mikono yote imo kazini, tangazo hilo huwa kama hodi ya mgeni asiyejua kwamba nyumba ina msiba. Kwa mantiki hiyo, mbunifu anayeanza kwa kuchora uso wa roboti ameanza mwisho, kwa sababu alichopaswa kukijua kwanza ni zamu zinabadilishwa saa ngapi, nani hupokea dawa, na nani atakayeongezewa kazi na kifaa kilicholetwa kumpunguzia.

Hii haimaanishi kwamba sura ni upuuzi. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba kadiri mashine inavyokaribia kufanana na binadamu ndivyo inavyopendwa, hadi inapofikia hatua ambapo kufanana kwake kunakosea kidogo tu, na mapenzi yakageuka kinyaa. Funzo hilo linaonekana katika Moxi, roboti ya kampuni ya Diligent Robotics ya Texas iliyoanzishwa na Andrea Thomaz na Vivian Chu, ambayo ina mkono mmoja na kichwa chenye macho ya taa, sura inayotosha kumwonyesha mpita njia inakoangalia bila kudai kuwa mtu. Macho yanayogeuka kabla ya mwili kugeuka ni taarifa, na hapo urafiki na usalama huwa kitu kimoja.

Katika Afrika Mashariki, Rwanda ilizindua mwezi Mei 2020 roboti tano zilizotengenezwa na kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji, zikapewa majina ya Kinyarwanda ya Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, na kutumwa kupima joto la mwili na kuwafikishia chakula na dawa wagonjwa wa korona, ili wahudumu wapunguze kuingia mahali penye maambukizi. Hapo manufaa yalikuwa dhahiri, kwa sababu kila safari ya roboti ilikuwa hatari iliyomwepuka mtu. Katika siku za kawaida hesabu ni nyingine, hasa katika hospitali ambazo wodi zake ni majengo yaliyotengana, yakiunganishwa na njia zenye paa lakini zisizo na kuta, ambako mvua hulowesha sakafu na saa za kuona wagonjwa hujaza ndugu wenye vikapu na chupa za chai. Roboti iliyofundishwa adabu katika korido pana za San Francisco ingelazimika kujifunza upya namna ya kupita hapo, na anayefaa kuifundisha ni muuguzi wa zamu kabla ya mhandisi.