Kidoa Cheusi Unyayoni: Kwa Nini Daktari Hupima Kina Chake

[MUZIKI WA KUFUNGUA. USHUKE POLEPOLE.]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya nyayo. Hapa mpakani, Busia na vilevile Malaba upande wa Tororo, miguu huvuka mchana kutwa. Waliokimbia Kenya mwanzoni mwa 2008 wanaikumbuka njia hii, na kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, kabla wengi hawajahamishiwa Kiryandongo. Mguu wa mkimbizi umepitia miiba, mawe, funza na viatu vya kuazima. Ndiyo maana doa jeusi unyayoni halimshtui mtu. Mara nyingi si kitu cha kuogopa. Mara chache huwa ni melanoma, na hapo kuchelewa kunaua. Tuko na sista wa kituo cha afya. Sista, karibu.

SISTA: Asante, kaka. Salamu kwa wote.

MTANGAZAJI: Watu husema kansa ya ngozi ni ya Wazungu, na ya ndugu zetu wenye ualbino.

SISTA: Kuna ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi yake. Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye seli hizo. Kwa Wazungu, chanzo kikubwa ni jua, na weusi wetu unatukinga nalo. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, naye hupata saratani za ngozi usoni, masikioni na shingoni, mara nyingi za aina nyingine, si melanoma. Yeye kofia pana na mikono mirefu humwokoa. Lakini niambie, kaka, unyayo wako unaona jua saa ngapi?

MTANGAZAJI: Labda nikilala kifudifudi!

SISTA: Basi. Melanoma ya unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha haitokani na jua, na ngozi nyeusi haiizuii. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ukimpata mtu mweusi, mguu ndio mahali unapopenda.

MTANGAZAJI: Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Uganda zamani. Mwaka 1967, mwaka uleule Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa Mulago, daktari M. G. Lewis alichapisha utafiti wake kuhusu melanoma nchini Uganda na uhusiano wake na rangi ya nyayo. Miaka miwili baadaye, 1969, yeye na wenzake walieleza jambo la ajabu zaidi. Katika damu ya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa bado mahali pamoja, walikuta kingamwili, yaani askari wa mwili, wanaoushambulia uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Kwa wale ambao ugonjwa ulikwisha kusambaa, askari hao hawakuonekana. Tutalirudia hili. Sista, mgonjwa akiambiwa ana melanoma, swali lake la kwanza ni: nitapona?

SISTA: Na jibu liko kwenye kina. Uvimbe huu huanza juu ya ngozi kama wino uliomwagika, halafu huzamia. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, aliwapima wagonjwa wake kwa milimita: uvimbe umezama kiasi gani. Wale ambao haukufika milimita 0.76, hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ugonjwa ndani ya miaka mitano. Chukua kadi ya laini ya simu, ile kubwa ya plastiki kabla hujabandua laini yenyewe. Unene wake ni kiasi hicho hicho.

MTANGAZAJI: Kadi moja tu?

SISTA: Moja. Ukipanga kadi tano, unakaribia milimita 4, na uvimbe uliopita hapo uko katika kundi baya kabisa. Ukiwa umechimbika kidonda juu yake, hali ni mbaya zaidi. Kutoka mguuni ugonjwa hupanda hadi kwenye tezi za kinena. Mtu anahisi mtoki usiouma sana na usiopungua. Baadaye huenda kwenye mapafu, ini, ubongo.

MTANGAZAJI: Tuseme hesabu waziwazi. Nchini Marekani, melanoma ikikutwa kabla haijasambaa, watu zaidi ya 95 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa imefika viungo vya mbali, ni kama thuluthi moja tu. Huko huko Marekani, ukiwachukua wagonjwa weusi wote kwa jumla, ni kama 70 kati ya 100, na wazungu ni zaidi ya 90. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba weusi hugunduliwa wamechelewa. Hakuna aliyetazama unyayo.

SISTA: Hata Bob Marley. Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu akicheza mpira, kidonda hakikupona, wakakuta melanoma chini ya ukucha. Si mpira uliomletea. Kidonda ndicho kilichofanya watu watazame. Alishauriwa kukatwa kidole, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

MTANGAZAJI: Sasa mama aliye pale Kiryandongo au Kakuma anatazama mguu wake jioni hii akinawa. Atajuaje?

SISTA: Funza huwasha, ana kitundu katikati, na ndani ya wiki chache amekufa ametoka. Damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kugongwa husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, ingawa ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka na zaidi kuota wote. Sugu ni ngumu na haina weusi wa wino. Mistari myeusi kwenye kucha nyingi kwa pamoja ni ya kawaida kwetu. Ninachotaka mnionyeshe ni doa linalopanuka mwezi hadi mwezi, lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko. Mstari mmoja katika ukucha mmoja unaozidi upana, au weusi unaomwagikia ngozi ya kando ya ukucha. Na kidonda cha unyayoni ambacho umekitibu miezi miwili, hakifungi. Wakati mwingine melanoma haina hata weusi. Ni nyama nyekundu inayotoka damu.

MTANGAZAJI: Na ile saratani nyingine ya madoa miguuni?

SISTA: Kaposi. Iko sana Uganda, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI ambao hawajaanza dawa. Inafanana, lakini matibabu yake ni tofauti kabisa. Kwa macho tu, hata mimi siwezi kuapa. Inatakiwa kukatwa kinyama na kupelekwa maabara.

MTANGAZAJI: Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kutoka kambini hadi Tororo, au Mbale, au Mulago. Na kwa upande wa Kenya, Busia hadi Eldoret. Nauli?

SISTA: Jambo moja watu hawalijui: kinyama kinaweza kusafiri bila mgonjwa. Kikiwekwa kwenye kichupa cha formalini hakiozi. Uliza kama hospitali ya karibu inaweza kukata na kutuma. Anza kituo cha afya, omba barua ya rufaa, na iseme wazi kwamba tunashuku saratani, isiandikwe "kidonda" peke yake. Tafadhali, usikate kwa wembe. Usimwagie maji ya betri. Ukiharibu sehemu ya juu, maabara haitaweza tena kupima kina, na uvimbe uliobaki ndani unaendelea kuzama.

MTANGAZAJI: Na dawa? Tulisema tutarudi kwa wale askari.

SISTA: Tiba ya kwanza ni kisu cha hospitali: kuondoa uvimbe pamoja na ngozi nzima inayouzunguka, wakati mwingine kidole chote. Ukiwa bado juu, hiyo huwa inatosha. Kwa uliosambaa, tangu 2011 kuna dawa zinazowaamsha askari wa mwili. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi huo. Katika utafiti mmoja mkubwa, dawa mbili zikitolewa pamoja, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitano. Lakini sitaki kuwadanganya. Bei yake haishikiki, na melanoma ya unyayoni haizitii kama ile ya jua.

MTANGAZAJI: Basi aliyechelewa afanye nini?

SISTA: Asiachwe na maumivu. Uganda kuna mofini ya kunywa, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Aiombe, si aibu.

MTANGAZAJI: Swali la mwisho, kutoka kwa msikilizaji: mume wangu amekatwa uvimbe wa namna hii, je, watoto wavae ndala zake?

SISTA: Wavae. Haiambukizi kwa kiatu, kwa maji ya kunawia wala kwa kulala kitanda kimoja. Ila yeye mwenyewe, kila mwezi, mwambie akuonyeshe nyayo zote mbili na kinena, na arudi kwa daktari siku aliyopangiwa.

[MUZIKI WA KUFUNGA.]