Wufa ya Gari kwa Bajeti Ndogo: Tanguliza Boksi, Waya na Fyuzi

Matatu za nambari 46 za Kawangware na nambari 8 za Kibera husikika kwa besi kabla hazijafika steji. Wenye teksi, Probox na magari ya familia nao hutamani muziki wenye uzito huo. Inawezekana bila gharama kubwa. Hata hivyo, kazi mbovu ya umeme inaweza kuteketeza gari, na magari mengi huegeshwa kando ya nyumba za mabati, mahali ambapo moto husambaa haraka. Makala haya yanaeleza pa kutumia pesa na pa kuokoa.

Usikimbilie wati nyingi

Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na sikio hutambua tofauti ndogo. Kwa gari dogo, wufa moja ya inchi 10 na amplifaya ya wati 300 zinatosha. Angalia wati za "RMS". Tarakimu kubwa za "MAX" kwenye katoni ni za kuvutia mnunuzi. Mwenye bajeti ndogo zaidi anaweza kuchagua wufa nyembamba ya chini ya kiti, ambayo ina amplifaya yake ndani na haihitaji boksi.

Wufa iliyotumika pia hufaa. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, iache. Ukinunua Luthuli Avenue au kwingineko, kifaa kijaribiwe mbele yako na upewe risiti.

Boksi hubeba besi

Wufa isiyo na boksi hupoteza besi, kwa sababu mawimbi ya mbele na ya nyuma ya koni hufutana. Maseremala wa Ngong Road wanaweza kukutengenezea boksi lililofungwa kote kwa mbao za MDF za milimita 18. Wape ujazo uliopendekezwa na mtengenezaji wa wufa, na mianya yote izibwe kwa gundi.

Waya na fyuzi: usibane hapa

Amplifaya ya wati 300 inaweza kuvuta takriban ampea 30 kutoka betri ya volti 12. Kwa hivyo:

- Tumia waya wa shaba wa milimita 8 za mraba. Kwaruza ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hupitisha umeme kidogo kuliko shaba.
- Weka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya huo, isizidi sentimita 45 kutoka kwa betri. Fyuzi hulinda waya usiwake moto. Ikikatika, tafuta chanzo. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara.
- Waya unapopita kwenye ukuta wa chuma wa injini, tundu liwekewe mpira ili bati lisikate ganda lake.
- Waya wa athi uwe mfupi na unene uleule, ufungwe kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.
- Kata umeme wa betri kabla fundi hajaanza kazi.

Majirani na sheria

Besi hupenya mabati na kuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Gari likinguruma nje, mtoto wa jirani na mlinzi aliyetoka zamu ya usiku hawalali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Kanuni za kitaifa za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku. Usiku huanza baada ya saa mbili na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika mtaani, punguza besi; ukiegesha, zima kabisa, kwani injini ikiwa imezimwa wufa humaliza betri.

Kabla ya kumlipa fundi

Cheza muziki kwa nusu saa injini ikiwaka, kisha zima na uguse waya na kishikio cha fyuzi. Vikiwa na joto la kuchoma, gari lisitoke hapo mpaka fundi arekebishe kasoro hiyo.