Mrija wa Shingoni Usichomoke

Wapo wagonjwa hospitalini wanaopumua kwa mrija uliopitishwa kwenye tundu lililotobolewa mbele ya shingo. Mrija huo ukichomoka kwa bahati mbaya, hasa katika siku 7 za kwanza baada ya upasuaji, tundu huweza kujifunga, na anayeurudisha kwa kubahatisha anaweza kuupeleka nje ya njia ya hewa. Wengi wao hawawezi kuita, kwa kuwa hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti. Dakika chache zinatosha kumpoteza mtu.

Mara nyingi mrija huvutwa mgonjwa anapogeuzwa au kubadilishiwa shuka, anapokohoa utepe ukiwa umelegea, au anapoushika mwenyewe akiweweseka. Ndiyo maana kumgeuza ni kazi ya watu wawili au zaidi, mmoja akishika mrija tu. Kubadili utepe ni vivyo hivyo: mmoja anashika, mwingine anafunga, na ibaki nafasi ya kidole kimoja. Bomba la mashine ya kupumulia lisining'inie, maana uzito wake huvuta.

Kando ya kitanda kuwe na mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo zaidi, oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi na kengele. Wafadhili hupenda kuchangia mashine, nasi tunashukuru. Lakini muuguzi wa pili wa zamu ya usiku habandikwi kibao cha jina la mfadhili, na mara nyingi ndiye anayekosekana.

Kamati za parokia tunaziomba jambo moja: ndugu wanaokwenda kumwona mgonjwa wa namna hii wasimwinue wala kumgeuza wenyewe. Wamwite muuguzi.