Je, Wajua? Kamera ya Mlangoni Ilibuniwa na Muuguzi

Mwaka 1966, Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliomba hataza ya mfumo wa kulinda nyumba kwa kamera. Mara nyingi alibaki peke yake usiku, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao. Mumewe Albert, fundi wa elektroniki, alishirikiana naye. Katika mfumo wao, mlango ulikuwa na matundu manne: la juu kwa mgeni mrefu, la chini kwa mtoto. Kamera ilipanda na kushuka kwa mota. Picha ilionekana chumbani, na kitufe kimoja kilifungua mlango. Hataza ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969.

Kamera nyingi za usalama za leo huona gizani kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni. Ukiweka kamera nyuma ya kioo cha dirisha, mwanga huo hurudi kwenye lenzi na picha huwa nyeupe tupu. Hata utando wa buibui hung'aa na kukuamsha kwa tahadhari za bure.

Funga kamera yako mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Ukiipandisha zaidi, utarekodi utosi badala ya uso. Na tafadhali, usiielekeze uani kwa jirani.