Maneno ya Ukurasa wa Kwanza: Kampuni Changa Mbele ya Wasomaji Wake

Kampuni changa inapoanza kazi, mara nyingi haina duka wala ofisi ambamo mteja angeweza kuingia na kuuliza. Ina ukurasa mmoja wa intaneti, na juu ya ukurasa huo sentensi mbili tatu. Mgeni asipozielewa huondoka, wala harudi kupiga hodi mara ya pili. Kwa hiyo maneno hayo si pambo: riziki ya waanzilishi inayategemea. Aidha yanaihusu isimu, kwa kuwa kuna umbali baina ya kile mwandishi anachokusudia na kile msomaji anachopokea.

Chanzo cha umbali huo ni kwamba mwandishi anaijua mno kazi yake. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kampuni ya Lubumbashi inayowatafutia wauzaji wa unga wa mahindi nafasi katika malori yatokayo Kasumbalesa. Waanzilishi wake wataandika bila shida: «Suluhisho la kisasa la uchukuzi kwa maendeleo endelevu». Kisarufi hakuna kosa. Lakini hakuna kitenzi, hakuna mtenda wala mtendwa. Ni nomino juu ya nomino. Mwandishi halioni pengo hilo, maana lori, mzigo na mpaka vimo tayari kichwani mwake.

Wengi, wakitaka kusahihisha, huwaendea marafiki na kuwauliza kama maandishi ni mazuri. Swali hilo halifai kitu, kwani rafiki mwenye adabu atasifu. Lililo bora ni kumwonyesha msomaji ukurasa kwa muda mfupi, kuuondoa, kisha kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe: hawa wanafanya kazi gani, na wanamfanyia nani? Wakati huo mwandishi anyamaze. Akianza kufafanua, jaribio limekwisha, kwa kuwa mgeni wa kweli hatakuwa na mtu wa kumfafanulia. Mama muuza unga akijibu, «Basi ni watu wa kuuza malori?», kasoro imejulikana. Mwingine akisema, «Kumbe mnanitafutia gari la kuleta unga wangu!», huyo ameshaandika sentensi iliyokuwa ikitafutwa, kazi iliyobaki ni kuinakili.

Yafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kile msomaji alichoelewa ni ushahidi. Kile anachoshauri ni dhana yake tu. Anayekubali kila shauri atapata ukurasa wenye viraka, ambao hata aliyeushauri hautambui. Kuhusu idadi ya wasomaji, mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za tovuti. Kiwango hicho kimebishaniwa baadaye, lakini watano walio wanunuzi wa kweli wanashinda hamsini walio wenzake mwandishi.

Huyo Nielsen, pamoja na John Morkes, alikuwa ametoa mwaka wa 1997 matokeo ya jaribio kuhusu maandishi ya utalii wa jimbo la Nebraska, Marekani. Habari zile zile ziliandikwa kwa namna tano. Maandishi yaliyopunguzwa hadi nusu ya maneno yaliwafaa wasomaji zaidi kwa asilimia 58, na yaliyoondolewa majigambo kwa asilimia 27. Yaliyokuwa mafupi, bila majigambo, na yenye mpangilio wa kupitiwa haraka kwa macho yalipita yale ya kwanza kwa asilimia 124. Inaonekana kwamba sifa tupu humchosha msomaji, kwa kuwa humlazimu kuzichambua kabla ya kuufikia ukweli.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni wa M-Pesa. Safaricom haikuwa changa, wala maneno yenyewe hayakuwa ya ukurasa wa intaneti. Hata hivyo njia ni ile ile. Jaribio lililoanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, likiwa na wateja wapatao 500, lilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wakafanya mengine: walitumiana pesa, na wengine waliziweka katika simu kabla ya safari ili zisiibwe njiani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo halikutaja mikopo. Lilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni «Peleka pesa nyumbani».

Neno lenye uzito hapo ni la mwisho. Kwa mfanyakazi wa Nairobi, nyumbani si chumba anachopanga mjini, bali ni kijijini kwa wazazi. Hivyo neno moja linamtaja mtumaji, mpokeaji na njia iliyo kati yao. Huduma hiyo ilifika Kongo mwaka wa 2012 kupitia Vodacom. Je, mtu wa Lubumbashi aliyezaliwa mjini, na wazazi wake pia, angesoma nini katika neno «nyumbani»? Pengine angefikiria mlango wake mwenyewe, na «kwetu» lingemfaa zaidi. Jambo hilo haliamuliwi mezani. Ni la kuuliza sokoni, kwa watu watano.