Kinachouzwa Nyumba Inapouzwa

Mtu anayenunua nyumba Tanzania Bara hainunui ardhi iliyo chini yake, kwa kuwa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma na imo mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachonunua ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi hiyo kwa muda na kwa masharti, pamoja na majengo yaliyomo. Muda huo, ambao huandikwa kwenye hatimiliki, huweza kuwa miaka 33, 66 au 99, na miongoni mwa masharti ni kulipa pango la ardhi kila mwaka na kukitumia kiwanja kwa shughuli iliyotajwa. Kwa hiyo swali wanaloliuliza wanunuzi wengi kwanza, la kama muuzaji ndiye aliyeijenga nyumba, halitoshi hata kidogo, kwani mtu anaweza kuijenga nyumba kwa jasho lake na bado asiwe na mamlaka ya kuiuza peke yake.

Swali linalofuata huhusu karatasi. Katika maeneo ambayo hayajapimwa, na Dar es Salaam ina maeneo mengi ya namna hiyo, muuzaji huwa na leseni ya makazi, yaani kibali cha muda mfupi kinachotambua ukaaji wake, au huwa na barua ya mauziano tu, iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi. Barua hiyo ni ushahidi wa makubaliano na ina thamani yake mbele ya baraza la ardhi, lakini haigeuki kuwa hatimiliki kwa sababu ya muhuri uliogongwa juu yake, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa katika baadhi ya mitaa ni mazoea ambayo hayamo katika Sheria ya Ardhi. Ikiwa eneo ni ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti pekee haufai kitu, kwa kuwa anayetakiwa kuridhia ni halmashauri ya kijiji ikiwa katika kikao, na mahakama zimekwisha kubatilisha mauzo yaliyokosa ridhaa hiyo.

Penye hatimiliki, mnunuzi hana sababu ya kuridhika kwa kuonyeshwa nakala na dalali. Huandaliwa maombi ya upekuzi rasmi, yaani uchunguzi wa daftari la ardhi, ambayo hupelekwa kwa Msajili wa Hati yakiwa na namba ya hati na namba ya kiwanja, na baada ya ada kulipwa hutoka majibu ya maandishi yanayotaja jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani iliyowekwa benki kama ipo, na zuio lolote lililoandikishwa na mtu mwingine anayedai haki katika kiwanja hicho. Majibu hayo huonyesha hali ya daftari ya siku yalipotolewa tu, hivyo upekuzi uliofanywa miezi mingi kabla ya malipo hauna budi kurudiwa.

Hata hivyo, zipo haki ambazo upekuzi hauzionyeshi, na hapo ndipo familia nyingi zinapoumia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja tu. Nyumba ikiuzwa kinyume cha hapo, mwenzi asiyeridhia anabaki na haki ya kuendelea kuishi ndani yake hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, isipokuwa mnunuzi awe hakujua na hangeweza kujua hata baada ya kuchunguza inavyostahili. Mnunuzi ambaye hakujishughulisha hata kuuliza nani anaishi humo atapata tabu sana kujitetea. Ridhaa hiyo, ambayo ni haki ya mwenzi na si hisani ya muuzaji, inafaa iwe ya maandishi na itolewe mbele ya wakili. Nyumba ya marehemu nayo haiuzwi na watoto kwa kukubaliana sebuleni. Anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Eneo lenyewe linahitaji uchunguzi wake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufuo wa bahari. Mpima ardhi akilinganisha vigingi vilivyo kwenye kona za kiwanja na ramani ya upimaji, hujulikana pia kama ukuta au choo cha nyuma kimeingia kwa jirani.

Mkataba wa mauziano lazima uwe wa maandishi na utiwe saini, lakini saini hazihamishi haki mpaka uhamisho usajiliwe. Kabla ya usajili hulipwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, na kodi ya faida aliyoipata muuzaji, ambayo kisheria ni mzigo wake. Msajili hasajili uhamisho bila uthibitisho wa mamlaka ya kodi, kwa hiyo muuzaji asipolipa, anayekwama ni mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zote. Mkataba ulioandaliwa vizuri hutaja nani analipa kodi ipi, huelekeza malipo yapitie benki, na hubakiza sehemu ya bei mikononi mwa wakili hadi hati itoke ikiwa na jina la mmiliki mpya.