Ruashi, tunasoma kwa sauti

Kitabu kisichovumilia kusomwa kwa sauti nimeanza kukitilia shaka. Huenda hilo ni kosa la makazi yangu, si la vitabu. Katika parseli zetu za Ruashi, hapa Lubumbashi, mtu hasomi kimya kwa muda mrefu. Mtoto atauliza unacheka nini. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto atataka kujua humo ndani mna habari gani. Ukishaulizwa hivyo mara kadhaa, unaona ni heri usome wote wasikie. Basi tangu baridi ya Juni ilipoanza, vitabu vyangu nimevisomea kando ya mbabula, jiko letu la makaa, Kifaransa kikitoka kwenye ukurasa na Kiswahili kikifuata papo hapo kwa wasiokipata vizuri hicho Kifaransa.

Nilianza na Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye sasa anaishi Graz, nchini Austria. Riwaya hiyo ilitoka Paris mwaka 2014, na ikapata tuzo ya fasihi ya Etisalat ya mwaka 2015. Ni habari ya mji wa migodi, wa baa moja isiyolala, na ya marafiki wawili, Lucien anayetaka kuandika na Requiem anayetaka pesa. Hapa kwetu, komini yenye mgodi ndani ya mipaka yake, hakuna aliyehitaji kuelezwa mchimbaji ni nani au vumbi la mawe linakaaje kooni. Orodha ndefu za Mwanza Mujila kitabuni humo, ambazo baadhi ya wasomaji huziruka, ndizo zilizochekesha zaidi: ukizisoma kwa pumzi moja zinakuja kama kondakta wa taksi-bisi anayetaja vituo vyote hadi mjini. Mwandishi mwenyewe hupanda jukwaani na wapiga saksafoni akizighani, na nadhani anajua anachofanya.

Lakini dada mmoja aliyekuwa akitengeneza nywele za mwenzake alinikatiza. Aliuliza kama katika mji mzima huo hakuna mwanamke mwenye kazi nyingine isipokuwa kuwasumbua wanaume baani. Niligeuza kurasa nikitafuta wa kumtetea mwandishi, nikaishia kukubaliana na dada. Hiyo ndiyo hasara ya kusoma hadharani: huwezi kujifanya hukuona.

Kwa V. Y. Mudimbe mbinu yangu iligonga mwamba. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akafundisha katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, kisha akahamia Marekani, alikofariki Aprili 2025. Msiba huo ndio ulionirudisha kwenye Entre les eaux, riwaya yake ya mwaka 1973 kuhusu Pierre Landu, padri anayewafuata wapiganaji msituni na imani yake ikiwa imegawanyika. Nilipofika ukurasa wa kumi hivi, wasikilizaji wangu walikuwa wamehamia kwenye mazungumzo ya bei ya unga wa bukari. Sikuwalaumu. Landu anabishana na nafsi yake, na ugomvi wa namna hiyo hauna viti vya watazamaji. Nilimmaliza peke yangu alfajiri, penseli mkononi, kabla barabara haijaamka. Ni kitabu kikubwa, ila kinadai mlango uliofungwa, na Ruashi milango iliyofungwa ni michache.

Kilichotushika kweli ni kijitabu ambacho hakijawahi kukaa kwenye dirisha la duka la vitabu. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani msamiati wa mji wa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani. Kiliandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, wale walioitwa maboi, kikachapwa kwa taipu na kudurufiwa. Usidanganywe na jina, maana ndani yake hamna kamusi. Ni historia ya mji huu tangu habari za mfalme Leopold, ikisimuliwa na watu waliowapikia wazungu, wakawafulia, wakawasikiliza wakiongea mezani, kisha wakarudi kulala nyuma ya nyumba wakiwa na mshahara usiotosha. Na kimeandikwa kwa Kiswahili chetu cha Katanga, hiki ambacho shuleni tulifundishwa kukionea haya.

Tatizo ni kwamba kwa macho hakisomeki. Maneno yameshikana au yamekatwa vipande, nukta ni za bahati. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekitoa upya mwaka 1990, aliligundua hilo na akachukua njia nyofu: msaidizi wake Kalundi Mango alikisoma kwa sauti, wakamrekodi, na kutoka kwenye sauti hiyo wakapata mwanzo na mwisho wa kila sentensi. Nilipojua hivyo nilijisikia kama niliyepewa ruhusa. Tulikisoma kwenye simu yangu, mmoja akishindwa mstari, mwingine anaudaka.

Tulipofika kwenye batumbula, wale walioaminika kuwateka watu usiku na kuwanenepesha waliwe, papa mmoja wa parseli ya nyuma alisogeza kiti. Yeye alikua mji huu ukiitwa Elisabethville. "Ile ilikuwa kweli, mutoto wangu," akasema, na akatutajia njia ambazo mama yake alimkataza kupita jua likishazama. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sheria, akadai hizo ni hadithi za hofu ya ukoloni. Walibishana hadi makaa yakawa majivu, na simu yangu ikazimika tukiwa bado kwenye ukurasa uleule.

Sasa nimeazimwa La Danse du Vilain, riwaya nyingine ya Mwanza Mujila, ya mwaka 2020, inayokwenda na kurudi kati ya Lubumbashi ya enzi za Mobutu na machimbo ya almasi ya Angola. Dada wa nywele ameshatoa sharti lake: kwanza nimwambie humo wanawake wanafanya nini. Nimefungua kurasa chache tu, lakini nimekwisha kumkuta Tshiamuena, mwanamke ambaye wachimbaji wanamheshimu kuliko bunduki. Jumamosi tutaanza naye.